KABLA GREDA HALIJAPITA

Ndugu msikilizaji, mtu anayetoka Arusha kwenda Ngorongoro siku hizi haijui taabu waliyoipata waliomtangulia. Akifika Makuyuni anakata kulia, anapita Mto wa Mbu, anaupanda ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini upande wa kushoto, anaipita Rhotia, anaingia Karatu mjini, na kabla hajachoka kukaa amefika lango la Lodoare. Kipande hicho cha kilometa 77 hivi kiliwekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Serikali ya Japani. Kabla ya hapo kilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mimi nilikipita nikiwa kijana, ndani ya basi ambalo abiria wanaume tuliteremka mara tatu kulisukuma. Kwa hiyo asinifikirie mtu kwamba nimekuja kuilaumu lami.

Lakini barabara ni jambo moja, na ardhi inayoibeba barabara ni jambo jingine. Swali ninalotaka tulizungumze wiki hii ni jepesi kulitamka: kabla greda halijashusha kisu chake, nani ametangulia kutazama kilichomo chini? Mahali pengine swali hilo laweza kuonekana la wasomi waliokosa kazi. Kwa Karatu na Ngorongoro haliwezi kuonekana hivyo. Pale ardhi ni ghala, na ghala lenyewe halina daftari la vitu vilivyomo.

Tukumbushane kidogo. Mwaka 1911 daktari mmoja Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, alifika kwenye korongo la Olduvai na kuondoka na mifupa iliyogeuka mawe. Mwaka 1913 akafuata mwenzake, Hans Reck, safari hii kwa uchunguzi hasa. Jina lenyewe la Olduvai ni matamshi mabovu ya neno la Kimaasai, oldupai, yaani ule mkonge wa porini unaoota korongoni. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona pale kipande cha fuvu kikichomoza udongoni, na dunia ikapata habari za Zinjanthropus, zamadamu aliyeishi miaka milioni 1.75 iliyopita.

Hilo ndilo tunalofundishwa shuleni, na wengi wetu tunaishia hapo. Lakini teremka upande wa pili, kutoka Karatu kwenda Mang'ola, kwenye vitunguu na joto la Ziwa Eyasi. Hapo kuna pango la Mumba, ambako Ludwig Köhl-Larsen na mkewe Margit walichimba katika miaka ya 1930. Watafiti waliokuja baadaye walionyesha kwamba watu walilitumia pango lile katika muda wa zaidi ya miaka laki moja, wakiacha zana za mawe, na baadaye shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Sehemu kubwa ya vitu alivyovikusanya Köhl-Larsen ilikwenda Tübingen, Ujerumani.

Rudi Mto wa Mbu, ufuate chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea kaskazini, utafika Engaruka. Pale kati ya karne ya 15 na ya 18 waliishi wakulima waliojenga vijiji juu ya matuta ya mawe na kuchimba mifereji ya kumwagilia mashamba yaliyoenea katika eneo la kilometa za mraba zipatazo 20. Walikuwa na kilimo cha umwagiliaji kabla mkoloni yeyote hajaja kutufundisha neno hilo. Hata ndani ya kreta ya Ngorongoro yapo marundo ya mawe yaliyofunika makaburi ya wafugaji wa kale, waliopita na ng'ombe wao karne nyingi kabla ya Wadatoga na Wamaasai.

Sasa msikilizaji, jiweke kwenye kiti cha dereva wa greda. Umeambiwa utafute mawe na changarawe. Mbele yako kuna rundo la mawe, limekaa tu, halina kibao wala uzio. Mawe ya tuta la Engaruka na mawe ya kaburi la mfugaji wa kale, kwa macho ya mtu aliyetumwa kutafuta kokoto, ni kokoto iliyokwisha kusogezwa karibu. Dereva huyo hana kosa lolote. Mwenye kosa ni yule aliyempeleka pale bila kumwambia.

Mfano mkubwa kuliko yote wa yale ninayoyasema uko Laetoli, kusini mwa Olduvai, jirani na Endulen. Laetoli ni jina la Kimaasai la ua jekundu. Louis na Mary Leakey walifika huko mwaka 1935 baada ya mwenyeji mmoja kuwaendea kambini Olduvai na kuwaambia kwamba anajua mahali penye mifupa iliyokuwa mawe. Naomba tuliweke hilo akilini, kwa sababu nitalirudia: aliyejua alikuwa mwenyeji. Katika vitu walivyoviokota safari ile kulikuwa na jino moja lililopelekwa London, likahifadhiwa kama jino la nyani. Lilikaa humo zaidi ya miaka 40 kabla mtaalamu mmoja hajaligundua kuwa ni jino la zamadamu.

Mary Leakey alirudi Laetoli katika miaka ya 1970 na kuweka kambi. Mwaka 1974 mfanyakazi wake, Maundu Muluila kutoka Kenya, aliokota taya ambalo baadaye lilichaguliwa kuwa kielelezo cha aina nzima ya zamadamu iitwayo Australopithecus afarensis. Mwaka 1976 wageni wa kambi ile walikuwa wakitaniana kwa kurushiana mavi makavu ya tembo. Mmoja wao, Andrew Hill, alipoinama kukwepa, akajikuta anatazama alama za wanyama na matone ya mvua zilizoganda katika jivu la volkano. Mwaka 1978 Paul Abell akaona alama iliyofanana na kisigino cha mtu. Mchimbaji mwingine kutoka Kenya, Ndibo Mbuika, alipewa kazi ya kuondoa udongo pale, akarudi na habari kwamba kuna nyayo mbili, kubwa na ndogo. Walipoendelea kufunua katika mwaka huo na uliofuata, wakapata njia ya nyayo yenye urefu wa mita 27 hivi, ya zamadamu watatu waliotembea wima kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita.

Nyayo hizo zilidumu kwa sababu ya mambo matatu kutokea kwa mfuatano. Volkano ilitapika jivu laini. Mvua ndogo ikalilowesha jivu lile likawa kama saruji iliyokorogwa. Wakapita kanga, sungura, faru, twiga, farasi wa kale wa vidole vitatu, na hao zamadamu, kisha jua likalikausha na jivu jingine likafunika. Tabaka lote la jivu lenye nyayo lina unene wa sentimeta 15 hivi. Sentimeta 15, msikilizaji, ni unene ambao greda linaukwangua kwa dakika chache bila hata mtambo kubadili sauti.

Baada ya uchunguzi nyayo zilifukiwa mwaka 1979 ili kuzilinda. Hata huo ufukiaji ulileta taabu yake, maana udongo uliotumika ulikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota juu, na mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye nyayo. Katika miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale yetu ikishirikiana na Taasisi ya Getty ya Marekani ilifanya kazi ya kuziokoa. Mwaka 1995 na 1996 zilifunuliwa, zikapimwa, zikapigwa picha, mizizi ikaondolewa, kisha zikafukiwa tena chini ya vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi, mchanga na mawe. Wazee wa Kimaasai walishirikishwa, na loiboni akaendesha ibada ya kupabariki mahali pale. Mwaka 2011 sehemu ya nyayo ilifunuliwa tena kwa muda.

Ndipo lilipokuja wazo la kujenga makumbusho palepale Laetoli. Hoja yake ilikuwa nzito: kwa nini nyayo zilizo maarufu duniani kote zikae chini ya mawe, wakati wananchi wenyewe hawajapata kuziona? Wapo wataalamu walioliunga mkono wazo hilo, na wapo walioshauri kwamba udongo ni mlinzi bora kuliko nyumba. Sitaki kuamua ugomvi wao. Ninachotaka tukitazame ni kilichotokea katikati ya ugomvi huo.

Kabla ya kujenga, ilibidi kuchunguza kama ujenzi ungeharibu kitu. Kazi hiyo ilifanywa na wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, na baadaye wakashirikiana na wenzao kutoka Italia. Katika mwaka 2014 na 2015 walichimba mashimo ya majaribio 62, kila moja la mita mbili kwa mbili, yaliyotawanywa katika eneo lililokusudiwa. Hawakuchagua mahali palipoonekana pazuri, kwani hapakuwa na dalili yoyote juu ya ardhi. Walichimba kwa mpango ili wajue ardhi ina nini na haina nini.

Katika mashimo matatu kati ya hayo wakakuta nyayo za zamadamu. Umbali wake ni mita 150 tu kusini mwa zile alizozifunua Mary Leakey. Ziko katika tabaka lilelile la jivu, na waliotembea walikuwa wakielekea upande uleule. Nyayo 13 ni za mmoja, na mmoja ni wa mwenzake. Habari zilichapishwa Desemba 2016 katika jarida la eLife. Huyo mwenye nyayo 13 alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimeta 165 hivi, mrefu kupita wote waliojulikana kabla katika njia ile. Hapo watafiti wakaanza kujadili upya jinsi wanaume na wanawake wa jamii ile walivyotofautiana kwa maumbile, na jinsi walivyokaa pamoja.

Tafakari hali hiyo, ndugu msikilizaji. Ardhi iliyokusudiwa kubeba kuta za nyumba ya kuhifadhi nyayo, yenyewe ilikuwa na nyayo. Kama mkandarasi angekabidhiwa eneo na kuanza kuchimba msingi, pengine fundi angeona vishimo katika jiwe la kijivu, akamimina zege juu yake, na tungeizindua makumbusho kwa ngoma na hotuba huku tumesimama juu ya kile tulichokuja kukihifadhi. Mashimo 62 yaliyochimbwa kwa sululu, mwiko na brashi ndiyo yaliyotuokoa na aibu hiyo, na juu yake yakatupa elimu ambayo hakuna aliyekuwa ameiomba.

Katika kilimo mtu hupima shamba kabla ya kulima. Fundi naye hupima udongo kabla ya kujenga ghorofa, na hakuna anayeuita upimaji huo kikwazo cha maendeleo. Lakini mwanaakiolojia akiomba miezi michache kabla ya barabara kupita, huonekana mtu wa kuchelewesha. Tumezoea kumwita baada ya fuvu kutokeza shimoni, wakati mitambo imesimama, mkandarasi anadai fidia ya siku zilizopotea, na mkuu wa wilaya anapiga simu kuuliza kazi itaendelea lini. Hapo mtaalamu hafanyi uchunguzi tena. Anaokota mabaki.

Naomba niieleze kazi hiyo inavyokwenda inapofanywa kwa utaratibu, maana wengi hudhani ni kuchimbachimba tu. Kwanza wataalamu husoma: taarifa za wachimbaji wa zamani, ramani, picha zilizopigwa kutoka angani. Pili huutembea mstari wa barabara kwa miguu, wamejipanga bega kwa bega, wakitazama vigae, vipande vya mawe yaliyochongwa, taka za chuma, majivu. Tatu huchimba mashimo ya majaribio. Nne hutoa shauri, na shauri hilo lina njia tatu: mstari usogezwe kidogo, au mahali pale pachimbwe pote kwa kitaalamu kabla ya mtambo kufika, au kazi iendelee huku mtaalamu akiwa amesimama kando ya greda akitazama. Mara nyingi jibu huwa kwamba hapana kitu, piteni. Hata jibu hilo lina thamani yake.

Kwa nini wasiokote tu vitu na kuvipeleka makumbusho? Kwa sababu kitu kilichotolewa mahali pake kinapoteza nusu ya maneno yake. Kigae cha chungu kilicholala juu ya mkaa wa jiko, na chini ya mkaa ule kuna mfupa wa ng'ombe, kinaeleza nani alipika, alipika nini na lini, kwa kuwa mkaa unapimika umri. Kigae hichohicho kikiwa ndani ya tipa la changarawe ni kipande cha udongo uliochomwa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.

Tena barabara yenyewe si hatari peke yake. Mstari wa lami ni mwembamba. Lakini kila barabara ina machimbo yake ya kifusi na changarawe, ina kambi ya wafanyakazi na karakana, ina njia za kuchepuka za muda ambazo magari hupita wakati kazi ikiendelea. Machimbo hayo hutafutwa kwenye miinuko mikavu na kando ya makorongo, na watu wa kale nao walipenda kukaa juu penye ukavu, karibu na maji. Mtu akiuchunguza mstari wa barabara na kuyaacha machimbo, amefunga mlango wa mbele na kuuacha wa nyuma wazi.

Sheria tunazo. Ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayokataza kuchimba bila kibali na kumtaka aliyekiona kitu cha kale akitolee taarifa. Vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 vinalindwa nayo. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza. Ipo Sera ya Malikale ya mwaka 2008. Tatizo ni uzito tunaoupa utaratibu huo. Katika taarifa ya tathmini, miti na maji huweza kupewa sura nzima, na mambo ya kale yakapewa aya moja: kwamba iwapo kitu kitaonekana wakati wa ujenzi, mamlaka zitaarifiwa. Nani atakiona? Dereva aliye juu ya mtambo, ndani ya vumbi, anayehesabiwa mita kwa siku?

Jambo hili halijapita. Juni 2023 Serikali ilitia saini mikataba ya barabara saba zenye urefu wa zaidi ya kilometa 2,000 kwa pamoja. Mojawapo ni ya Karatu, Mbulu, Haydom, Sibiti, Lalago hadi Maswa, yenye kilometa 389. Iwe inajengwa kwa mkataba huo au mwingine, mapema au kwa kukawia, barabara hiyo inapita katika nchi ya Wairaqw, Wadatoga na jirani kabisa na Wahadzabe. Wairaqw zamani walijenga nyumba zilizozama ndani ya vilima, wakijificha na mifugo yao dhidi ya wavamizi. Nyumba ya namna hiyo ikishaachwa, kinachobaki ni bonde dogo lenye nyasi ambalo mgeni hulipita bila kugeuza shingo. Wadatoga humjengea mzee aliyeheshimiwa kilima cha udongo juu ya kaburi, bung'eda, katika shughuli inayochukua miezi. Wahadzabe hawakujenga kwa mawe kabisa, na makao yao ya kale yanajulikana kwa jivu, mifupa na vijiwe tu. Hayo yote hayaonekani kwa mtu anayepita na gari. Yanaonekana kwa anayetembea kwa miguu akiwa na mwenyeji.

Ndipo ninaporudi kwa yule mwenyeji wa mwaka 1935. Wataalamu walikuwa kambini Olduvai na vifaa vyao, lakini habari ya Laetoli ilitoka kwa mtu aliyeijua nchi kwa kuchunga na kutembea. Na macho yaliyoliona taya mwaka 1974, na mikono iliyozifunua nyayo mbili mwaka 1978, yalikuwa ya wafanyakazi ambao majina yao hayatajwi sana kwenye vitabu vyetu vya shule. Mzee wa kijiji anajua babu zake waliambiwa wasilime wapi, na kwa nini. Mchungaji anajua korongo gani mvua ikinyesha hutoa mifupa mizito isiyo ya ng'ombe. Kuwauliza hao hakuhitaji mtambo wala fedha za kigeni.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja ya haki. Mkulima wa Mang'ola ambaye vitunguu vyake vimeoza ndani ya lori lililokwama hana haja na mfupa wa miaka milioni tatu. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali kutoka kijiji cha mbali hawezi kuambiwa angoje wataalamu wamalize kupiga mswaki vigae. Wasiwasi wao ni wa kweli, na atakayewajibu kwa maneno ya makumbusho matupu hawatamsikiliza. Lakini ukitazama vizuri, barabara hizi hazijengwi kwa siku moja. Hupangwa kwa miaka. Kuna upembuzi, kuna usanifu, kuna kutafuta fedha, kuna kutangaza zabuni. Katika miaka hiyo yote mwanaakiolojia angeweza kuutembea mstari mara mbili na kurudi, na hakuna lori ambalo lingechelewa hata saa moja. Ucheleweshaji huja pale anapoitwa mwishoni.

Dunia imekwisha kupita njia hii. Misri ilipoamua kujenga bwawa kubwa la Aswan, ilijulikana kwamba maji yangezamisha mahekalu ya kale ya Nubia. Mwaka 1960 UNESCO ilitoa wito, na nchi zipatazo 50 zikachangia. Hekalu la Abu Simbel lilikatwa vipande na kuhamishiwa mahali pa juu kati ya mwaka 1964 na 1968. Misri ilipata bwawa lake, na mahekalu yakabaki. Nchi za Ulaya nazo ziliandikiana mkataba huko Valletta, Malta, mwaka 1992, na moja ya mambo waliyokubaliana ni kwamba gharama za uchunguzi wa mambo ya kale ziwe sehemu ya gharama za ujenzi wenyewe. Anayetaka kuifumua ardhi ndiye anayelipia kutazama kilichomo.

Sisi tuna sababu zaidi ya hao. Ngorongoro iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979 kwa ajili ya maumbile yake, na mwaka 2010 ikaongezewa heshima ya urithi wa utamaduni kwa ajili ya Olduvai, Laetoli na mengineyo. Ndiyo maana hata suala la kuiwekea tabaka gumu barabara ya kutoka Lodoare kwenda Golini limewahi kujadiliwa mbele ya Kamati ya Urithi wa Dunia. Lakini vilima vya Karatu na Mbulu havina kamati ya kimataifa inayoviulizia. Ulinzi wao ni sisi wenyewe, na taarifa ile yenye aya moja.

Nathubutu kushauri mambo manne. Kwanza, mwanaakiolojia autembee mstari wa barabara kabla haujapitishwa rasmi, wakati bado unaweza kusogezwa kwa kalamu. Pili, kazi yake iwe na fungu lake ndani ya mkataba wa ujenzi, isingojee hisani ya mtu. Tatu, machimbo ya changarawe, kambi na njia za kuchepuka vichunguzwe pamoja na barabara. Nne, taarifa ya yaliyoonekana irudishwe kijijini kwa Kiswahili, ikasomwe kwenye mkutano, ili mtu wa Mang'ola au Endulen ajue nyumba yake imejengwa juu ya nini.

Na wewe unayesikiliza, ambaye pengine una shamba huko, au mwanao anaendesha tipa katika kambi ya ujenzi, mfikishie ujumbe huu. Akiona vigae vingi mahali pamoja, au mifupa mizito kama jiwe, au alama katika tabaka gumu la jivu, asichimbe mwenyewe na asichukue hata kimoja nyumbani. Aweke alama, amwombe msimamizi asogeze mtambo, ampelekee habari mtendaji wa kijiji au ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu. Kigae kikibaki palepale kilipoonekana, mtaalamu atakuta kazi ya kufanya atakapofika.